Kuudhika kwa msikilizaji si ushahidi wa kosa

Mwaka 2001 Mahakama ya Wilaya ya Morogoro ilimhukumu Hamisi Rajabu Dibagula kifungo cha miezi 18 jela kwa sababu alitamka, katika mhadhara wa Kiislamu uliofanyika mjini humo mwaka uliotangulia, kwamba Yesu si Mwana wa Mungu. Alishtakiwa kwa kifungu cha 129 cha Kanuni ya Adhabu, kinachomtia hatiani mtu anayetamka maneno kwa makusudi ya kuumiza hisia za kidini za mwingine. Hukumu hiyo iliwafanya Waislamu waandamane jijini Dar es Salaam mwezi Agosti. Mahakama Kuu ikamtoa gerezani lakini ikaiacha hatia pale pale, na ilibidi kungoja hadi 2003 ndipo Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Barnabas Samatta, ilipoifuta.

Kwa maoni yangu, hukumu ile ya Rufani ni miongoni mwa mambo ya busara zaidi yaliyowahi kuandikwa nchini kuhusu dini na uhuru wa kusema, na inasikitisha kwamba nje ya duru za wanasheria ni wachache wanaoijua. Kiini chake ni kwamba mtu anayetangaza imani yake hawi mkosaji kwa sababu tu imani hiyo inamkera jirani yake, kwani ibara ya 19 ya Katiba imempa uhuru wa kuamini na wa kuieneza dini yake. Upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha kwamba msemaji alidhamiria kuumiza. Hasira za aliyesikia, hata ziwe za kweli kiasi gani, hazijazi pengo hilo.

Anayeona kwamba huku ni kucheza na sheria na asikilize vipaza sauti vya mtaa wowote wenye msikiti na kanisa. Alfajiri imamu anasoma Suratul Ikhlas, isemayo kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Jumapili waumini wa Kikatoliki wanasimama na kukiri kwa sauti moja kwamba wanasadiki kwa Yesu Kristo, Mwana wa pekee wa Mungu, aliyezaliwa na Baba. Kila upande unakanusha msingi wa imani ya mwenziwe, tena kwa spika, na hakuna mjumbe wa nyumba kumi aliyewahi kukimbilia polisi kwa ajili hiyo. Ikiwa kukanusha ni kashfa, basi ibada zenyewe ni kashfa, na gereza la Keko halitatosha.

Nafahamu kwamba mhadhara una ladha nyingine kuliko ibada. Mtindo huo ulishika kasi miaka ya 1980, ukichochewa kwa kiasi kikubwa na mijadala ya Ahmed Deedat, mhadhiri wa Kiislamu wa Afrika Kusini, na aliyewahi kusimama uwanjani anaujua utaratibu wake: meza imejaa Biblia na Kurani, mhadhiri ameshika kipaza sauti, pembeni yuko msomaji ambaye kazi yake ni kufungua andiko pale anapoambiwa, “Tusomee Yohana 17:3,” kisha takbira zinapokewa na umati. Mikutano ya injili nayo ina shuhuda zake, na baadhi ya wahubiri hawajizuii kuzinasibisha dini za wengine na mapepo. Kuna kejeli pande zote mbili, na mimi binafsi sizipendi. Mhadhiri anayeshangiliwa kwa kumdhihaki Mariamu au Mtume anaishi kwa kiki, na Kurani yenyewe, katika Suratul An'am aya ya 108, inawakataza Waislamu kuwatukana wale wanaoabudiwa na wengine badala ya Mwenyezi Mungu. Hata hivyo, mambo nisiyoyapenda ni mengi, na sioni kwa nini Jamhuri iyageuze mashtaka.

Wanaotetea kifungu cha 129 husema kwamba nchi yetu imechanganyika mno kuweza kuachia ndimi. Hoja hiyo ni nzito na haifai kubezwa, lakini tazama damu ilimwagikaje. Februari 1998 polisi walikwenda msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam, kufuatia malalamiko kwamba msikitini hapo palitolewa mihadhara ya kukashifu Ukristo. Walikamata watu, vurugu zikazuka, na raia wakauawa kwa risasi. Maneno yalikuwa yamesemwa siku nyingi bila kumuua mtu. Waislamu wengi waliondoka pale na dukuduku ambalo halijaisha, kwamba kosa la kukashifu linamwona mhadhiri wa Kiislamu na kumpita mhubiri wa Kikristo. Iwe dukuduku hilo ni la haki au la, sheria inayopimwa kwa maumivu ya moyo haina namna ya kulijibu, maana hakuna mizani ya kupimia moyo wa nani umeumia zaidi.

Tukio la Mbagala, Dar es Salaam, la Oktoba 2012 linaonyesha upande wa pili. Kwa jinsi ilivyosimuliwa wakati ule, watoto wawili walibishana, mmoja akidai kwamba anayekojolea Kurani hupatwa na balaa, mwingine akajaribu ili aone. Umati ulikwenda kituo cha polisi kutaka ukabidhiwe mtoto. Polisi walikataa, na hapo walitimiza wajibu wao, makanisa yakashambuliwa. Kitendo cha mtoto yule kiliwaumiza waumini, hilo halina ubishi, ila waliochoma makanisa walikuwa watu wazima wenye akili zao, na kila tunapozungumzia “uchochezi” wa aliyeudhi kabla ya kuzungumzia kiberiti cha aliyechoma, tunawafundisha wote kwamba hasira ikiwa kubwa vya kutosha inapewa kinachotakiwa.

Kwa hiyo ningefuta kifungu cha 129 na kubakisha vile vinavyolinda watu na mahali: kunajisi nyumba ya ibada au kitu kitakatifu, kuvuruga waumini wakiwa katika sala, kuhamasisha umati umshambulie mtu. Makosa hayo yana kitendo kinachoonekana na shahidi anayeweza kuulizwa maswali. Bunge likishindwa, na sitarajii liwe na haraka, lipo jambo dogo lisilohitaji kura. Tangu 2021 Kiswahili ni lugha ya mahakama zetu, ilhali hukumu ya 2003 iliandikwa kwa Kiingereza. Itafsiriwe, isomeshwe vyuo vya polisi, na nakala yake iwekwe mezani kwa kila mkuu wa wilaya, kwa kuwa wao ndio wanaoletewa malalamiko ya kashfa usiku, kwa kipande cha video cha nusu dakika kilichokatwa kutoka mjadala wa saa mbili, na wao ndio wanaoamua kabla ya mapambazuko nani akamatwe.