Sarafu yangu ya utajiri na dawa ya meno

Jamani leo niwape la kwangu mcheke, mimi nishacheka nikachoka.

Nilikuwa nachambua chenji ya mfukoni nikaona sarafu moja tarakimu za mwaka ziko mbilimbili, kama zina kivuli. Moyo ukapiga paa! Maana nilishasikia habari za ile senti ya Marekani ya 1955, yenye kichwa cha Lincoln, ambayo maandishi yalijirudia kiwandani na watu wanaigombania hadi leo. Nikasema na yangu leo imefika.

Mke wangu akauliza, "Baba, hiyo hela mbona umeishika kama yai?" Nikamwambia tulia mama, hii inaenda kwa wataalamu, PCGS au NGC, wale wanaoipa sarafu alama kuanzia 1 mpaka 70 halafu wanaifungia kwenye kiboksi cha plastiki. Akauliza, wanalipisha? Nikasema wanalipisha kila sarafu, halafu kuna posta ya kwenda na kurudi, kuna bima, na hela yao hairudi hata wakikuta umewapelekea takataka. Akanyamaza. Kile kimya mnakijua.

Sasa hapo ndo akili ikanitoka. Nikaona haiwezi kwenda mbele za watu ikiwa chafu vile, kwani bibi harusi anatolewa bila kuogeshwa? Nikachukua dawa ya meno na mswaki wa zamani (sawa, haukuwa wa zamani, ulikuwa wa mke wangu), nikasugua weee mpaka nikaona sura yangu mle ndani. 70 hiyo, hamna namna.

Kabla ya kulipa nikampelekea kwanza mzee mmoja anayekusanya sarafu miaka mingi. Shikamoo, marahaba, akaishika kwa kingo, akaweka kilenzi chake jichoni, akaguna. "Kijana, umeiosha?" Nikajibu ndiyo, tena kwa fahari. Akafumba macho kama kapokea taarifa ya msiba. Akanionyesha vimikwaruzo vimejaa uso mzima, akasema sarafu iliyosuguliwa hivi hata iwe adimu vipi haipewi namba, inaandikwa tu imesafishwa na bei inaporomoka. Miguu ikaisha nguvu, nikatafuta kiti.

"Ila una bahati," akaendelea. Eti ile ya kweli, muhuri wenyewe wa kupigia sarafu ndo ulitiwa picha mara mbili bila kulingana, tarakimu zinanona na ncha zake zinagawanyika mbili. Yangu muhuri ulicheza tu wakati wa kugonga, kile kivuli kikalala bapa kama ngazi, na za hivyo zipo tele. "Haikuwa na thamani tangu mwanzo, kwa hiyo hujaua kitu."

Sijawahi kufurahia umaskini namna ile.

Nikasema basi niitumie dukani yaishe. Muuzaji akaipokea, akaigeuza, akaigonga na kucha, akaiinua kwenye mwanga, akanirudishia. Eti inang'aa mno, ni feki, nipe nyingine.

Na mswaki nadaiwa mpaka leo.