Afande, njoo hata siku isiyo na moto

Afande wa zimamoto alikuja na karai lake mwenyewe. Karai jeusi la kukaangia, chupa ya mafuta ya kupikia, jiko dogo la gesi na kipande cha gunia kilicholowa maji. Aliviweka chini pale stegi ya boda, yaani kituo cha pikipiki za abiria, mwanzo wa uchochoro wetu hapa Katwe, Kampala, mahali palipo wazi, akawasha jiko, akatulia. Watu tukasogea. Mafuta yakaanza kutoa moshi mwembamba, moshi ukawa mzito, kisha bila mtu kugusa chochote yakashika moto yenyewe. Kijana mmoja wa karakana ya vyuma akanyakua ndoo ya maji. Afande akamdaka mkono kabla hajamwaga.

"Weka chini, mwanangu. Maji kama hayo ndiyo yaliyounguza vyumba vile pale."

Akaturudisha nyuma hatua kumi na zaidi. Akachukua kikombe kilichofungwa kwenye ncha ya mti mrefu, akamimina maji kidogo tu ndani ya karai. Mwali ulioruka ulikuwa mrefu kuliko mtu, na joto lake nililisikia usoni nilipokuwa nimesimama. Hakuna aliyepiga makofi. Wiki tatu kabla ya hapo tuliuona mwali kama huo, ndani ya chumba chenye kitanda, pazia na chandarua.

Niseme kidogo kuhusu usiku ule. Vyumba vyetu ni vile tunavyoviita mizigo, na msomaji wa Dar au Mombasa asidhani nazungumzia magunia: muzigo kwa Kampala ni chumba kimoja cha kupanga, kimoja katika safu ya vyumba vingi chini ya paa moja, na humo ndani mna jiko, kitanda, watoto na kila kitu cha familia. Jirani alikuwa akikaanga mihogo juu ya sigiri. Mafuta yakawaka, mtu akamwaga maji, mwali ukapanda darini, na dari zote zimeshikana. Gari la zimamoto lilipofika barabarani, vyumba vinne vilikuwa vimekwisha. Na halikuweza kuingia. Uchochoro una kioski upande huu, mbao za fundi seremala upande ule, na pikipiki zimelala katikati. Walivuta mpira kwa mikono, wakipinda kona kwa kona, na muda mfupi baada ya kuanza kumwaga, maji yakaisha.

Hapo ndipo makelele yalipoanza. "Mmekuja bila maji!" Nami nilipiga kelele hizo. Kisha likaruka jiwe, likagonga kofia ya mmoja wao. Akageuka akatutazama, akarudi kushika mpira. Uso wake sijausahau, kwa sababu ndiye aliyerudi baada ya wiki tatu na karai.

Mimi nilipaswa kujua zaidi ya wengine. Nimekulia kambi ya polisi Naguru, ndani ya yuniporti, vile vibanda vya mviringo vya mabati vinavyochemka mchana na kuganda usiku. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikipata hukohuko kambini, kama watoto wengi wa maafande wa nchi hii. Wazima moto walikuwa majirani zetu. Mmoja wao alinieleza nikiwa mdogo kwamba gari likifika huwa na maji, ila mpira mkubwa unameza mamia ya lita kwa dakika moja, na tangi la lita elfu kadhaa linakauka kabla mtu hajamaliza kulia. Baada ya hapo gari linahitaji bomba la zimamoto barabarani. Sasa tafuta bomba hilo Kampala. Mengine yamefukiwa chini ya lami, mengine yamejengewa kibanda juu yake, na mengine ukiyafungua yanatoa hewa. Mimi nayajua haya yote, na usiku ule nilipiga kelele kama wasioyajua. Moto ukiwaka hakuna mwenye akili ya kukumbuka mahesabu ya lita. Kwa hiyo mazungumzo kati ya wazima moto na sisi wananchi lazima yafanyike siku ambayo hakuna kinachoungua.

Uganda tuna shida yetu ya pekee katika jambo hili. Tanzania wana Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lenye sheria yake ya mwaka 2007 na namba yake ya simu, 114. Kenya, zimamoto iko chini ya kaunti. Kwetu, zimamoto ni kurugenzi ndani ya Polisi. Anayekuja kukuokoa ni afande, na afande ni neno lenye historia ndefu kwa mtu wa Katwe au Kisenyi. Kijana aliyekohoa mabomu ya machozi Jumatatu hatoi heshima Jumanne kwa sababu gari lililokuja lina rangi nyekundu. Hata Kiswahili chenyewe, ambacho kwa miaka mingi Waganda wengi wamekisikia kama lugha ya amri, ya "kaa chini" na "toa kitambulisho", kinapotoka kinywani mwa mzima moto kinaanza na deni. Makaburi ya Kasubi yalipoungua usiku wa tarehe 16 Machi 2010, tuhuma zilisambaa haraka kuliko habari zenyewe. Mahali pasipo na kuaminiana, kila moshi una mkono wa mtu.

Siombi zimamoto iondolewe Polisi kesho asubuhi. Hilo ni jambo la Bunge na bajeti. Ninachosema ni kwamba kwa kuwa sare ni ileile, basi hawa wa mpira wa maji wana kazi ya ziada ya kujulikana kwa sura. Na mlango upo. Tumewahi kuwa na Mayumba Kumi, mpango wa polisi jamii wa kuwafahamisha majirani wa nyumba kumi kumi. Watu walikuwa na malalamiko yao juu yake, na mengi yalikuwa ya haki, kwa sababu ulinukia siasa. Lakini wazo la mtaa kumjua afande wake kwa jina ni zuri, na hakuna wa kulistahili kuliko mzima moto, asiye na haja ya kumpeleleza mtu yeyote.

Kila Februari jeshi letu huadhimisha Tarehe Sita, sikukuu yake, na wiki hizo utaona askari wakifagia masoko, wakitibu wagonjwa bure, wakipaka rangi zahanati. Nimewahi kuona polisi nao wakichangia damu na kugawa sabuni. Nashukuru kwa yote hayo, mama yangu alipimwa macho kwa njia hiyo. Ila sabuni anaweza kuigawa yeyote: mbunge, msikiti, kanisa, duka. Ujuzi wa moto uko mikononi mwa watu wachache sana nchini, na wakikaa nao kituoni wakisubiri simu ilie, unakaa bure. Naamini saa ile moja pale stegi ilitufaa kuliko yote yaliyofanyika usiku wa moto.

Afande alionyesha hivi. Unashika gunia bichi, lililokamuliwa lisidondoshe maji, kwa ncha mbili za juu, unazikunja zifunike vidole vyako ili mwali usikuchome. Unalinyanyua mbele yako kama ngao. Unalilaza kuanzia upande wako kwenda upande wa pili, taratibu, hulitupi. Unazima gesi. Halafu unasubiri. Akamwita mama muuza chapati. Akakataa, akakataa tena, mara ya tatu akajifunga leso yake kiunoni akaja. Alilaza gunia vizuri kabisa, moto ukafa, watu wakashangilia, naye kwa furaha akalifunua achungulie. Ukawaka upya. Akaruka nyuma akitaja jina la Mungu kwa Kiganda.

"Subiri, mama," afande akasema. "Mafuta hayasahau upesi."

Akafunika tena. Safari hii alisubiri mpaka sisi wengine tukaanza kuchoka. Leo ukifika kwenye meza yake kununua rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai, utaona gunia limekunjwa ndani ya beseni chini ya meza, na kila asubuhi hulimwagia maji kabla hajawasha moto. Hakuna ofisa aliyemwandikia faini ili afanye hivyo.

Nataja faini makusudi. Mkaguzi wa zimamoto akiingia sokoni, wafanyabiashara huona mtu wa kufunga duka au wa kutafuta chai. Soko la Owino, yaani St. Balikuddembe, limeungua 2009, likaungua 2011, likaungua 2013, na kila mara watu waliamka wakakuta mtaji wa maisha yao ni majivu na vibati. Mtu aliyepoteza robota zake mara mbili hahitaji kuambiwa kwamba moto ni hatari. Anahitaji kuonyeshwa waya upi uondoke na njia ipi ibaki wazi, na aonyeshwe na mtu ambaye atarudi mwezi ujao kumsalimia.

Shuleni ndiko roho inakouma zaidi. Shule ya msingi ya Buddo, Aprili 2008, karibu watoto ishirini. Shule ya wasioona ya Salama, Mukono, Oktoba 2022, watu kumi na mmoja. Yote miwili ilikuwa mioto ya usiku, ya bwenini. Nimeona mafunzo ya zimamoto shuleni: watoto wanapangwa uwanjani saa nne asubuhi, wanaonyeshwa mtungi mwekundu, wanapiga makofi, wanapiga picha juu ya gari. Wanafurahi, na hilo si dogo. Mtoto aliyewahi kupanda gari la zimamoto hatamrushia jiwe dereva wake. Lakini bweni haliungui saa nne asubuhi. Nataka afande aje saa nne usiku, taa zizimwe, watoto wawe wamelala, kengele ilie, naye asimame mlangoni na saa mkononi. Hapo ndipo matroni atagundua funguo ziko mfukoni mwa nani, mlango unafunguka kwenda ndani au nje, na vyuma vya dirisha vinamzuia mwizi au vinamzuia mtoto. Mtoto ajifunze kutambaa chini ya moshi akiwa na usingizi, na kugusa mlango kwa mgongo wa kiganja kabla hajaufungua. Kwa watoto wasioona, njia ya kutokea ikaririwe kwa mikono na miguu kila muhula mpaka iwe kama njia ya kwenda kula.

Tena kuna watu wa boda. Tarehe 29 Juni 2013, Namungoona, lori la mafuta lilipata ajali, watu wakakimbilia kuchota petroli, ikawaka. Walikufa zaidi ya thelathini, na wengi wao walikuwa vijana wa boda. Oktoba 2024, Kigoogwa, barabara ya Bombo, lori jingine, kuchota kulekule, moto uleule, zaidi ya kumi wakafa. Miaka kumi na moja katikati. Kusema "umaskini" ni kweli, mtu mwenye njaa huona petroli inayomwagika kama mvua ya shilingi. Lakini nimewauliza vijana wa stegi yetu, na wengi wanadhani petroli haiwaki mpaka iguswe na moto. Hawajui kwamba inayowaka ni hewa yake, inayotambaa chini bila kuonekana mpaka ikute cheche ya pikipiki iliyosimama mita kadhaa mbali. Hilo ni somo la dakika tano, na lingeweza kutolewa kila stegi ya mji huu.

Sisi pia tuna la kutoa. Baada ya siku ile ya karai, mwenyekiti wetu wa LC1, yaani serikali ya mtaa, alikaa na mwenye kioski, wakabishana jioni nzima, kioski kikasogezwa hatua mbili. Fundi seremala ameanza kusimamisha mbao zake ukutani. Vijana wa boda wamekubaliana kwamba moto ukitokea wawili wanakwenda barabara kuu kulipokea gari na kulisafishia njia, kwa sababu dereva wa zimamoto hajui uchochoro upi ni upi na msongamano wa Kampala haumhurumii mtu. Namba 999 na 112 zimeandikwa kwa rangi kwenye ubao wa stegi. Nimepita na tepu kupima njia: lori kubwa bado haliingii. Mpira sasa unapita bila kukwama.

Afande alipokuwa akifunga jiko lake siku ile, mwenyekiti wa stegi alimuuliza, "Na petroli je?" Akasema atarudi Alhamisi. Alhamisi tukamsubiri, hakuja. Tulisikia ana moto Ndeeba. Alikuja Jumamosi na petroli ya kujaza kizibo kimoja cha soda. Akakiweka chini, akatuambia tuhesabu, akasogeza njiti ya kiberiti polepole kutoka pembeni. Petroli iliwaka kabla njiti haijafika, na vijana wanne wakaenda kuzisogeza pikipiki zao mbali na chupa za mafuta zinazouzwa pale kando.