Chui wa Bububu

Asubuhi hii nimepaliwa na unywele. Wa kahawia, ncha nyeusi, umejinyoosha ndani ya chai ya tangawizi ungedhani ndio wenye nyumba. Mke wangu kanitazama, hakusema kitu. Mwenye mke anajua, hapo afadhali angesema.

Basi na ieleweke kwamba mimi ni fundi, si mtu wa kuokotwa njiani. Kanzu za Idi za mtaa mzima zinatoka kwenye cherehani hichi cha miguu. Sare za skuli, mapazia, foronya za maharusi. Hata mheshimiwa mmoja, jina tulisitiri, suruali zake nazitanua mimi kiunoni kila akizidi kututumikia. Lakini mpwa wangu aliyeko Uingereza kaona sijafika. Kanitumia sauti kwenye simu: "Mjomba shikamoo. Huku baridi haisemeki. Nataka koti la manyoya, si ya mnyama, ya bandia. Mafundi wa huku ujira wao unapita bei ya kitambaa. Nimempa mtu mzigo, wewe kazi yako kushona tu."

Kushona tu! Kaskazi hii, nyuzi 32, watu wanalala barazani vifua wazi, nami nimepakata manyoya.

Na kuufikisha huo mzigo nyumbani ni kisa peke yake. Nimeupokea Malindi, hapa hapa Unguja, kwenye boti, mfuko umeshapasuka ubavuni na manyoya yanachungulia, ya kahawia, yana madoadoa meusi. Nikapanda gari ya Bububu. Mnazijua gari zetu, tunavyokaa tumetazamana, magoti kwa magoti. Mtu hawezi kuficha hata mkate. Utingo anapiga kelele bado mmoja, bado mmoja, na huyo mmoja akawa bibi mwenye kapu lake. Kakaa mbele yangu. Kautazama mfuko, kanitazama mimi, kavuta miguu.

"Mwanangu, huyo kafa au kalala?"

Nikamjibu kwa adabu, bibi, hichi kitambaa.

"Kitambaa kina malaika?"

Kijana wa pembeni, ambaye hakuulizwa, akadakia kwamba huyo ni kima punju, katolewa Jozani, na kima hao wanalindwa, hawana kwao kwengine duniani ila Zanzibar, mtu akishikwa naye atakwenda kula maharage ya serikali. Gari nzima ikanigeukia. Nikafungua mdomo, mzee mwenye kofia ya viua akanitangulia: "Kima gani ana madoa? Huyo chui."

Hapo pakawa kimya. Utingo mwenyewe aliacha kugonga bati. Maana chui wa kwetu si mnyama wa kutajwa hivi hivi. Sote tumekua tukiambiwa wana wenyewe, wanafugwa na wachawi na kutumwa usiku kwa watu. Bibi kaanza kusoma taratibu, macho yako kwangu. Kijana akasema chui wameshakwisha kitambo, kabaki yule aliyekaushwa kule makumbusho. Mzee akamkatalia: wamekwisha vipi, na mwaka 2018 Wamarekani wa televisheni walikuja na kamera zao wakasema wamemwona?

"Basi ndiye huyu," akasema utingo. "Kapanda Malindi, na alipe nauli."

Wakacheka wote, isipokuwa mimi na bibi. Nikaona heshima yangu inamwagika, nikautoa mzigo hadharani. Nikaugeuza wauone mgongo wake, ulivyofumwa kama fulana. Nikawaambia haya ni akriliki, plastiki hii, nyuzi za kiwandani, hapana roho iliyotoka hapa. Nilikuwa naeleza vizuri kabisa. Ndipo upepo wa dirishani ukachukua kishungi kimoja, kikaruka, kikatua kwenye mdomo wa bibi.

Bibi kashuka Maruhubi. Kwake Kibweni, bado mbele, nilimsikia mwenyewe akimwambia utingo. Na nauli ya chui nimelipa, kwa sababu mfuko ulikuwa umekaa mahali pa mtu.

Kazi yenyewe sasa. Manyoya hayakatwi kama poplini. Unalaza kitambaa kifudifudi, unachora kwa nyuma, halafu kwa ncha ya wembe unapasua ule mgongo tu, taratibu, nywele za chini zisiguswe. Ukitia mkasi umelinyoa koti. Kila kipande nywele zielekee chini, toka shingoni mpaka pindoni, maana mkono mmoja ukielekea juu mvaaji ataonekana katoka kupigana. Pini zinazama humo hazionekani tena, kwa hivyo nimechukua vibanio vya kuanikia nguo, na mke wangu anavidai. Sindano namba 16, mshono mpana, huku kidole kinasukuma nywele ziingie ndani nazo zinarudi nje kwa ukaidi. Ukishamaliza kushona hujamaliza: unakaa na sindano nene unazichokoa zilizonaswa kwenye mshono, moja moja, mpaka mshono usionekane. Nashona kwa juhudi zote ili mshono usionekane! Na pasi usiguse, yanayeyuka. Fundi bila pasi, naulizwa nini basi?

Feni marufuku. Dirisha marufuku. Jana umeme ulikatika sikuhisi tofauti.

Watoto wanajifunga mabaki na kunguruma uchochoroni. Paka wa jirani kalala juu ya mkono wa kushoto wa koti na hataki kuhama. Mteja kaja kuchukua kanzu yake nyeupe, kaikung'uta, kaniuliza lini imebaleghe. Na mpwa kaleta sauti nyingine, ati nikimaliza nilifyonze kwa mashine ya vumbi. Mashine ya vumbi ya nyumba hii ni ufagio wa chelewa, na unatoa vumbi lake mwenyewe.

Jasho likikutana na manyoya, yakhe, mtu unaota nywele. Shingo, kwapa, nyuma ya masikio. Koga, utasema. Nikoge nini? Mfereji wetu unatoa maji usiku wa manane, na yakianza tu kutiririka jirani kashawasha pampu yake, anavuta yake, yangu na ya msikiti. Nimekwenda kwa sheha. Sheha kasema tuyamalize kijirani. Haya, nimekwenda kijirani, nimebisha hodi kwa ustaarabu, nimemkuta kashika mpira anaosha gari. Anaosha mpaka matairi! Mimi hapa natawadha kwa kata moja na mabaki nayarudisha ndooni, yeye anaosha matairi. Na gari lenyewe halijawaka tangu masika.