Utingo Halali

Wanaosema macho hayana pazia hawajawahi kukaa kiti cha kushoto cha semi-trela saa 9 usiku wakamtazama dereva usoni. Macho yana pazia, tena zito, na linashuka polepole. Mimi nimeliona kwa macho yangu haya yasiyolala. Linaanza jicho la kulia. La kushoto linabaki nusu wazi kwa heshima tu, kama mlinzi wa benki saa ya alfajiri. Hapo ndipo zamu yangu inapoanza.

Kwenye karatasi mimi ni utingo. Kazi za utingo mnazijua: kufunga turubai, kukaza kamba, kugonga tairi kwa chuma nisikie zimejaa au zimelegea, kuweka kabari, kufuta kioo, kupika ugali kwenye jiko la mkaa chini ya trela. Hizo nazifanya mchana. Usiku mimi ni redio. Redio ya gari yenyewe ilikufa, tukaomba nyingine ofisini, tukajibiwa, "Kwani utingo hayupo?"

Basi naongea. Kutoka Dar mpaka Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na tukivuka tukaenda mpaka Lubumbashi tunakaribia 2,000. Nyie mnaona kuongea ni rahisi kwa sababu mnaongea na watu wanaowajibu. Jaribu kumuongelesha mtu anayejibu "mmh" kuanzia Chalinze mpaka Ruaha Mbuyuni. Habari za ukweli ziliniishia safari ya pili. Sasa hivi natunga. Nimeshamwozesha shangazi yangu mara nne, na mara ya tatu mahari ililipwa kwa bajaji. Shida ni kwamba dereva wangu akisinzia hasikii, akizinduka anakumbuka kila kitu.

"Dogo, huyo mjomba wako si alikufa Chalinze?"

"Alikufa, Mzee."

"Sasa hapa Iringa anagombea shamba na nani?"

Nikamwambia huyu ni mjomba mwingine. Akataka jina. Nikakosa jina. Akacheka mpaka Ipogolo, na nikashukuru Mungu, maana mtu anayecheka halali.

Nimebuni kipimo. "Mmh" siiamini tena, kwa sababu "mmh" mtu anaweza kuitoa akiwa ndotoni. Natumia ya bibi: nikisema "Paukwa!" nataka nisikie "Pakawa!" Ikichelewa, napiga dashibodi. Isipokuja kabisa, nashika usukani huku namwita kwa jina la mama yake. Kwa bahati nzuri hatua hiyo ya mwisho nimeifikia mara moja tu, na sitaki kuisimulia kwa sababu mama yangu anasoma simu yangu.

Kulikuwa na mkataba mwingine, wa vibao. Yeye mwenyewe aliniambia, "Dogo, ukiona nasinzia nizabe kibao, nitakushukuru." Nikauhifadhi moyoni. Usiku mmoja tumeingia Mikumi, zile kilomita 50 za ndani ya hifadhi, nikamwona amekunja uso, macho yamebana, kichwa kimeenda mbele. Nikazaba. Kumbe alikuwa anasoma kibao cha spidi! Ndiyo, kibao kwa kibao. Alisimamisha gari pembeni akanitazama muda mrefu bila kusema neno. Posho yangu ya safari hiyo ilipungua, na mkataba ukafutwa kwa mdomo.

Hapo hapo Mikumi kuna bango limepangwa bei za wanyama. Ukigonga twiga bei yake, ukigonga nyati bei yake, mpaka ngiri ana bei. Kila tukipita nalisoma lote kwa sauti, maana ni maneno ya bure, nayahitaji. Nimelisoma mara nyingi sana. Utingo hayumo.

Kuhusu vitu vya kutafuna, msinifundishe. Tumejaribu karanga, mahindi ya kuchoma, mua, bigijii, ndimu na chumvi, tangawizi mbichi. Mtu akitafuna usingizi unamsubiri amalize tu. Tumejaribu vioo wazi. Mafinga usiku ukifungua kioo anayeganda ni utingo, dereva amevaa koti la jeshi alilonunua mtumba. Alijaribu kujipaka dawa ya kuchua chini ya macho, ile ya baridi yenye moto ndani. Hakulala, ni kweli. Pia hakuona barabara. Tulisimama Ilula nikamwosha uso kwa maji ya kunywa, na akina mama wauza nyanya wakatupa pole wakidhani tumefiwa.

Mirungi siizungumzii sana. Kwa jirani zetu Kenya ni zao la biashara, kwetu ni kesi. Dereva niliyekuwa naye kabla ya huyu alikuwa anaitafuna, na safari hizo mimi sikuwa na kazi, kwa sababu aliongea yeye. Aliongea kwa siku mbili. Ya tatu, mirungi ilipomtoka, alilala katikati ya sentensi, kijiko cha wali kikiwa njiani kwenda mdomoni. Bahati yetu tulikuwa kwa mama ntilie.

Kopo la enaji nalo ni mkopo. Unachangamka leo, unalipa kesho na riba. Na huyu wangu alikuwa na tabia ya kulinywa juu ya ugali na maharage wa saa 7 mchana, halafu analaumu kiwanda.

Mtu pekee aliyewahi kutueleza kitu chenye kichwa na miguu ni nesi mmoja aliyetukusanya kwenye maegesho ya malori. Alisema mwili una saa yake: kati ya saa 8 usiku na alfajiri unazima taa wenyewe, na baada ya chakula cha mchana unapunguza mwanga. Akasema ukimaliza saa 17 bila kulala, kichwa chako kinafanya kazi kama cha mtu aliyekunywa pombe ya kutosha. Madereva wakacheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nahesabu tangu tulipoamka. Trafiki ana kipima ulevi, hana kipima usingizi. Dereva wangu ni mlokole, hajagusa bia tangu niko shule, lakini kuna usiku nimesafiri na mlevi.

Halafu akatupa hesabu ambayo mpaka leo inaninyima amani. Mtu akipotelewa na usingizi kwa sekunde nne tu, spidi 80, gari linakwenda mita karibu 90 bila dereva. Ni karibu uwanja mzima wa mpira! Tani 56, kutoka goli hadi goli, peke yake, na mimi nimo ndani nikisimulia mahari ya bajaji.

Dawa aliyotoa ilikuwa nyepesi. Kahawa haifanyi kazi papo hapo, inachukua kama dakika 20 hadi nusu saa. Kwa hiyo egesha, kunywa kikombe kimoja, lala dakika 20 hizo hizo, utaamka pamoja na kahawa yako. Ikizidi hapo unaweza kuamka umelewa usingizi. Na hii ni ya kusogezea mpaka ufike pa kulala vizuri, si badala ya kulala. Nilimpenda yule nesi. Nilitaka kumpeleka ofisini kwetu akawasomee.

Maana tulijaribu. Mafinga, saa 8 na nusu usiku, tukaegesha pazuri, taa za tahadhari zinawaka, Mzee akanywa kahawa yake akaegemea. Nikaangalia saa. Dakika ya tisa simu ikaita.

"Gari limesimama. Kuna nini?"

"Dereva amelala kidogo, bosi."

"Amelala njiani?"

"Si njiani, pembeni."

"Kwenye ramani naona njiani. Mzigo unasubiriwa Kongo. Muamshe."

GPS. Kale kadude kako mahali fulani ndani ya dashibodi, na huko Dar kuna kijana amekaa mbele ya skrini, anatuona kama siafu mwekundu. Siafu akisimama, anapiga. Jamaa yetu mmoja ana ndugu anayeendesha lori Poland. Anasema huko nako kuna mashine ndani ya gari, lakini ile inataka usimame! Ukiendesha saa nne na nusu lazima upumzike dakika 45, siku isizidi saa 9, labda mara mbili kwa wiki uruhusiwe 10, na ukipitiliza inakuandika na faini unalipa. Kenya sheria inasema dereva wa gari la biashara asizidishe saa 8 ndani ya saa 24. Nilipomsimulia Mzee hayo akaniambia niache kutunga, nirudi kwa mjomba.

Alipoamshwa ile dakika ya tisa, kahawa ilikuwa haijapanda na usingizi haujashuka. Macho wazi, mwenyewe hayumo. Tukaondoka. Hatujafika mbali, akafunga breki mpaka kabari zangu zikaruka.

"Ngamia!"

"Wapi, Mzee?"

"Pale! Amelala barabarani!"

Ngamia, Mafinga. Kwenye baridi ile. Nikatumwa nishuke nikamfukuze. Nimetembea na tochi, meno yanagongana, mpaka nikafika: lundo la mbao za misonobari limefunikwa turubai, kando kabisa ya barabara. Nikarudi nikaripoti kuwa ni mbao. Akaniuliza kama nina uhakika. Nilimsimulia ndoa zote nne za shangazi mpaka Makambako, mfululizo, bila kupumua.

Kuna njia moja isiyoshindwa, nimeihifadhi kwa dharura: kuisema vibaya Yanga. Yeye ni Yanga wa damu. Nikigusa tu, lepe lote linaruka dirishani, anakaa wima, anataja wachezaji wa zamani mpaka wa akiba. Tatizo ni mguu wake. Akikasirika mguu wa kulia unakuwa mzito, na mara ya mwisho tulishuka mlima kuelekea Chimala kama tumeibiwa breki. Sasa Yanga naisema kwenye mpando tu. Kitonga ndipo mahali pake: gari linatambaa, injini inanung'unika wimbo mmoja, mtu anabembelezwa kama mtoto. Hapo naweza kuitukana hata benchi la ufundi.

Mtauliza, yeye akilala, wewe unafanya nini? Nasubiri swali hilo kila siku, hakuna anayeuliza. Akilala yeye kitandani nyuma ya viti, mimi nazunguka gari. Wanyonya dizeli hawana saa. Wanakuja na mpira na madumu, wapole kabisa, na asubuhi tangi likipungua anayekatwa ni utingo. Kuna wa betri, kuna wa kamba za turubai. Kwa hiyo dereva akiwa macho, nisilale nimuongeleshe. Akilala, nisilale nimlindie. Yule nesi hakunipa saa zangu. Kwenye karatasi za mpakani nimeandikwa utingo halali, lisome neno hilo upendavyo.

Wiki iliyopita tulikuwa foleni ya Tunduma. Tangu kituo cha pamoja na Nakonde ya Zambia kizinduliwe 2019 watu wanasema afadhali, na mimi nakubali ni afadhali, lakini foleni ya malori ni foleni. Inasogea urefu wa gari moja, inasimama. Ukisinzia, mjanja anachomeka kichwa cha lori lake mbele yako, na kumtoa inahitaji kikao cha wazee. Mzee alikuwa amezima kabisa kitandani, anakoroma kwa ekseli zote saba. Mimi nimekaa kwenye usukani, najisimulia mwenyewe. Mjomba amefufuka, amefungua gereji.

Saa 9 usiku simu ikaita.

"Gari limesimama. Kuna nini?"

"Foleni, bosi. Tunduma."

"Dereva yuko wapi?"

"Amelala."

Nikasikia anapiga miayo. Miayo mirefu, ya mtu aliyetazama siafu wekundu tangu jana yake mchana. Akasema, "Sasa wewe..." akanyamaza. Nikasubiri. Feni ilikuwa inazunguka huko kwake, naisikia.

"Paukwa, bosi," nikasema.

Kimya. Halafu mkoromo, mdogo, wa mtu aliyeinamia meza. Sikukata. Aliyepiga ni yeye, salio linaloisha ni la ofisi.