Jengo hili lilikuwa wapi? Ubishi wetu wa picha za zamani za Tanga

Juzi kwenye grupu letu la watu wa Tanga mtu kaweka picha, zile za rangi ya chai, jengo la ghorofa lina baraza refu juu na chini, mbele minazi miwili na mtu kasimama na kanzu yake, nyuma yanaonekana maji kidogo. Chini pameandikwa Tanga kwa yale maandishi ya Wajerumani yaliyopindapinda, basi, hakuna mwaka hakuna mtaa. Nusu saa haijaisha tayari majina manne. Wa kwanza kasema hoteli ya Wajerumani, wa pili forodha, wa tatu akaapa kabisa kuwa ni Bombo hospitali, halafu mzee wetu mmoja wa Chumbageni akatuma voisi ya dakika tatu, nyie watoto mnabishana nini, hapo palikuwa ofisi ya watu wa mkonge, mimi nikipeleka chai pale. Wakati huo picha ishafowadiwa magrupu mengine ikiwa na jina la hoteli, kwa sababu tu ndo lilitangulia.

Tukaanza kugombana, na ugomvi wenyewe haukuwa wa jengo. Wapo wanaosema weka jina unalodhani, ukikosea watu watakurekebisha. Wapo wanaosema kaa kimya mpaka uwe na ushahidi mkononi. Mimi nilikuwa kundi la pili miaka yote na sasa hivi sina uhakika kama bado nipo.

Wa kundi la kwanza wana hoja nzito kuliko wanavyoijua wenyewe. Picha isiyo na jina watu wanaipigia makofi, wanaandika "dah kumbukumbu" wanapita. Ila ukiandika jina la uongo, mtu aliyekulia mtaa ule hawezi kulala, lazima aseme. Ile voisi ya mzee tusingeipata kama yule wa kwanza asingebugi. Na wazee hawatusubiri. Kweli hakuna aliye hai aliyeiona Tanga kabla Waingereza hawajaichukua mwaka 1916, lakini nyumba nyingi za Wajerumani ziliendelea kusimama miaka na miaka baadaye, watu wakafanya kazi humo, wakalipia kodi humo, wakatandikwa fimbo humo. Na hapa kuna kitu tunakisahau tukishapandisha mori: nyumba inabadilisha mpangaji. Inaweza kuwa hoteli mwaka 1910 na ofisi ya mkonge mwaka 1960, kwa hiyo kijana wa hoteli na mzee wa chai wanaweza kuwa sahihi wote wawili, wanagombania nyumba moja kwa miaka tofauti.

Sasa upande wa pili. Jina la uongo lina miguu. Kuna mchoro wa vita vya Tanga vya Novemba 1914, kauchora Mjerumani anaitwa Martin Frost, mchoro kabisa wa mkono, nimeshautumiwa mara mbili kama "picha halisi ya vita mjini kwetu" na watu wanaanza kutafuta ni mtaa gani ule. Ukiwaambia huu umechorwa wanakuona mjuaji. Tena vita hivyo ndo vinavyoleta fujo, maana Waingereza na askari wao wa Kihindi waliingia mpaka mjini wakaikamata forodha na hoteli ya Deutscher Kaiser, basi kila mtu anataka picha yake iwe forodha ile au hoteli ile. Hakuna anayetaka nyumba ya karani.

Wengine wanadhani dawa ni nyaraka, ikitoka hifadhi ya nyaraka ya Wajerumani imekwisha. Haijaisha. Mwaka 2008 hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani, Bundesarchiv, iliachia picha kama elfu 80 kwenye intaneti, zikiwemo za Walther Dobbertin aliyezunguka sana huku kwetu na kamera, na wao wenyewe wameandika kwamba maelezo ya chini wameyaacha kama yalivyokuwa na yanaweza kuwa na makosa au upendeleo. Mwenye mali anakwambia usiniamini moja kwa moja, wewe unakuja kutupiga nayo kichwani.

Na siyo mchezo wa kumbukumbu tu. Sheria yetu ya mambo ya kale ya 1964 inalinda yenyewe, bila kusubiri tangazo, majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Mjerumani kaja baada ya hapo, kwa hiyo nyumba zake pale mjini hazina kinga mpaka zitangazwe rasmi, na ukitaka kuiombea nyumba itangazwe lazima useme ni ipi na ilikuwa nini. Ukienda na picha yenye jina la kubuni, mtu mmoja mjanja akilipangua hilo jina anakupangulia na hoja yote.

Kwa hiyo tulijaribu kuisoma picha yenyewe. Mji wetu umelala kusini mwa ghuba, bandari inatazama kaskazini, kwa hiyo nyumba ya mjini yenye maji nyuma yake kwa kawaida mpiga picha kaelekea kaskazini. Kivuli cha yule wa kanzu kifupi na kinakuja kwetu, yaani jua liko mbele, na kwetu huku jua la saa sita linakaa kaskazini kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Oktoba, basi vinaelewana. Bombo ikatoka hapo hapo, kwa sababu lile jengo la zamani liko kwenye mwinuko na hapa chini ni tambarare kama meza. Reli ingetusaidia, maana ilianza kujengwa Tanga 1893, ukiona reli unajua hujarudi nyuma zaidi ya hapo, lakini haimo. Kisiwa cha Toten, kile kilichomo ghubani, nacho hakimo, na ningekitaka sana, kwa sababu zile picha za vioo zilikuwa zinaweza kusafishwa kinyumenyume, kulia kukawa kushoto, na kisiwa kikikaa upande usio wake unashtuka mapema. Tumebaki na hoteli, forodha na mkonge.

Kilichonitikisa mimi ni kitu kingine. Nikapitia picha zote tulizowahi kubishania, karibu zote za kule chini, bandarini, stesheni, mabustani, nyumba za mawe. Za Ngamiani, kule walikokaa wenyeji, ziko za kuhesabu, nyumba za udongo na makuti, na chini pameandikwa mtaa wa wenyeji, limeisha. Nyumba ya Mzungu ina ramani, ina hati, ina jina. Ile ya bibi wa barabara ya nane ina mdomo wa mjukuu wake tu. Ukishika ile sheria yangu ya hakuna ushahidi hakuna jina, mji wa Wajerumani utapata majina yote na Ngamiani itabaki bila hata moja, na sijui tutakuwa tumetenda haki gani hapo. Ndo maana siku hizi nyumba ya mawe naidai karatasi, nyumba ya makuti namsikiliza mtu aliyelala humo, hata akichanganya mwaka.

Ila sharti langu kwa wote ni moja, ukidhani andika "nadhani" na useme kwa nini, na uandike juu ya picha yenyewe, siyo pembeni, maana ikifowadiwa maneno ya pembeni yanabaki nyuma. Kuna jamaa kanijibu kwamba nadhani haipati laiki. Ni kweli, haipati.

Jana nikampigia yule mzee. Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani, halafu nikamuuliza alikuwa anaingilia mlango gani na lile birika. Hakufikiria hata kidogo, akasema kwa ngazi ya nje ya chuma, upande wa baharini, maana mlango wa mbele ulikuwa wa mabwana. Picha yetu inaonyesha mbele tu. Kama kuna mwenye picha ya mji iliyopigwa kutoka majini, kwenye meli au kwenye mashua, hata iwe mbovu vipi, aitume tuitafute hiyo ngazi.