Namba ni Sahihi, Mwenyewe Siye

Anayetuma fedha kupitia benki huandika jina la mpokeaji na namba ya akaunti yake, na wengi wetu huamini kwamba benki huvilinganisha viwili hivyo kabla ya kuziachia fedha. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, haikuwa hivyo. Mitambo ilisoma namba, jina likabaki kuwa maelezo ya pembeni. Agizo la huduma za malipo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2015 lilitamka katika kifungu cha 88 kwamba malipo yaliyofuata namba aliyoitoa mlipaji yahesabiwe kuwa yametekelezwa ipasavyo, na kwamba namba ikiwa na kosa, benki haiwajibiki kwa kosa hilo.

Utaratibu huo haukuzuka bure. Majina hufanana, huandikwa kwa tahajia tofauti, hubadilika baada ya ndoa, na yakihamishwa kutoka hati ya Kiarabu au Kichina kwenda herufi za Kilatini hupata sura tatu au nne. Namba haina shida hiyo. IBAN, namba ya akaunti ya kimataifa, huanza na herufi mbili za nchi, zikifuatwa na tarakimu mbili za uhakiki, kisha utambulisho wa akaunti yenyewe. Ya Norway ina nafasi 15, ya Ujerumani 22, ya Ufaransa 27, na kiwango kinaruhusu hadi 34. Ili kuihakiki, nafasi nne za mwanzo huhamishiwa mwisho, kila herufi hugeuzwa tarakimu (A huwa 10, B huwa 11, hadi Z ambayo ni 35), kisha namba nzima hugawanywa kwa 97. Baki lisipokuwa 1, namba imekosewa. Kwa kuwa 97 ni namba tasa, tarakimu moja iliyokosewa, au mbili jirani zilizobadilishana nafasi, haziwezi kupita.

Namba za kadi hutumia kanuni nyepesi zaidi, iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM na kupewa hataza mwaka 1960. Kila tarakimu ya pili huzidishwa kwa mbili, na jibu likizidi 9 hupunguzwa 9, kisha tarakimu zote hujumlishwa. Hunasa tarakimu yoyote moja iliyokosewa, lakini ina tundu moja: mtu akiandika 90 badala ya 09, jumla haibadiliki, kwa sababu 9 ikizidishwa kwa mbili ni 18, na 18 ukitoa 9 inarudi kuwa 9. Wakati kanuni hii inabuniwa, adui aliyehofiwa alikuwa kidole kilichoteleza.

Leo adui ni mwingine. Tapeli anayeingilia barua pepe za mfanyabiashara hubadilisha IBAN iliyo kwenye ankara na kuliacha jina la muuzaji halisi kama lilivyo. Mnunuzi anainakili namba kwa uangalifu wote, hesabu ya 97 inakubali, na fedha zinaingia kwenye akaunti ya mtu asiyemjua kabisa. Uhakiki umefanya kazi yake kikamilifu, ila kazi hiyo ilikuwa kuthibitisha kwamba namba imeandikwa vizuri, wala si kusema ni ya nani.

Ndiyo maana naona hoja ya kulihakiki jina pamoja na namba ina uzito zaidi. Uingereza ilianza mwaka 2020 kumwonyesha mlipaji kama jina linalingana, linakaribiana au halilingani. Na kuanzia Oktoba 2025 benki za nchi zinazotumia euro zinawajibika kufanya hivyo bila malipo kabla mlipaji hajaidhinisha.

Wanaopinga wana mambo ya kweli. Biashara nyingi hujulikana kwa jina ambalo silo la akaunti, na mlipaji akionywa kila mara bila sababu atazoea kubonyeza endelea. Pia anayejaribu namba nyingi anaweza kuvua majina ya watu, na hili la faragha ndilo linalonisumbua zaidi. Linahitaji mipaka ya idadi ya maulizo. Hata hivyo, kasoro hizo ni za kurekebisha, ilhali mlipaji asiyeonywa hana chochote cha kurekebisha.

Kinachonishawishi hasa ni suala la nani abebe hasara. Chini ya kanuni mpya ya Ulaya, benki ya mlipaji isiyohakiki jina, kisha fedha zikaenda kusikostahili, inapaswa kuzirudisha. Aliyeonywa akaendelea anabeba mzigo mwenyewe. Mgawanyo huo ni wa haki kuliko ule wa 2015.

Malipo ya kuvuka mipaka yamebaki nyuma. Msimbo wa SWIFT (mtandao ambao benki hutumiana maagizo ya malipo ya kimataifa) kama DEUTDEFF unataja benki (DEUT), nchi (DE) na mahali (FF, yaani Frankfurt), lakini haumtaji mwenye akaunti, na mara nyingi benki inayotuma haina njia ya kuuliza jina upande wa pili kabla fedha hazijaondoka.