Ada ya mpagazi, mshahara wa mwalimu: shule za Kanisa uchumi unapoyumba

Kila maisha yanapobana, Moshi hurudia sentensi ileile, kuanzia soko la Mbuyuni hadi Kiborloni: shule za Kanisa zimekuwa biashara. Wanaosema hivyo si maadui wa Kanisa. Wengi ni Wakatoliki, wanalipa zaka, na watoto wao wanasoma humo humo. Kwa sababu hiyo nawasikiliza kwanza, ingawa nimefika mahali tofauti na walipofika wao.

Hoja yao ina uzito. Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliopanda huku mlimani Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, wakaanzia Kilema na kisha Kibosho, walijenga darasa sambamba na kanisa. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia, kuhusu elimu, la mwaka 1965, linazitaka shule za Kikatoliki ziwajali hasa maskini. Sasa mtoto anasimamishwa getini na godoro lake kwa sababu baba yake anadaiwa laki mbili. Mzazi anauliza, Injili iko wapi hapo? Swali hilo ni halali. Na ile tabia ya baadhi ya shule kusoma majina ya wadaiwa mstarini, mbele ya wenzao, siitetei hata kidogo. Mtoto hana deni na mtu.

Lakini neno "biashara" linaficha jambo ambalo sisi watu wa Moshi na Arusha tulipaswa kuliona kabla ya wengine wote.

Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii 1,527,230. Mwaka 2020, mwaka wa korona, wakawa 620,867. Nimezirudia namba hizi mara nyingi, kwa sababu kwingine nchini zilisomwa kama habari za sekta fulani, huku kwetu zilikuwa karo. Hesabu walioishi kwa wale wageni zaidi ya laki tisa ambao hawakuja. Kuna mpagazi wa Machame, mpishi wa kambini, mwongoza watalii, dereva wa magari ya safari pale Arusha, mama anayepeleka parachichi na ndizi hotelini, na fundi anayeshona mahema. Katika familia nyingi za hapa, fedha ya mlima haina matumizi mengine makubwa kuliko shule. Nyumba husubiri, suti ya harusi huazimwa, ada hulipwa.

Tena fedha hiyo ina kalenda yake. Masika wapandaji ni wachache. Msimu mkubwa huanza Juni hadi Oktoba, na akiba ya miezi hiyo ndiyo inayofungua Januari. Shule zilifungwa Machi 17, 2020, kidato cha sita wakarudi Juni 1 na wengine Juni 29. Wengi walidhani mtihani wa shule binafsi ulikuwa ile miezi mitatu ya kufungwa. Kwa mkoa wetu haikuwa hivyo. Madarasa yalipofunguliwa, msimu wenyewe ndio uliokuwa unapotea, kwa hiyo pigo kamili lilishuka Januari 2021, wakati watu walikwisha anza kusema mambo yametulia. Deni la mlima huchelewa kufika shuleni, na huchelewa kuondoka.

Julai ile ya 2020 nilikaa katika kikao cha wazazi cha sekondari moja ya Kikatoliki, nje kidogo ya mji. Walimu walikuwa wamekubali nusu mshahara tangu Aprili. Mkuu wa shule, sista mmoja mpole sana, alieleza hesabu bila kunung'unika: mahindi, maharage, umeme, michango ya NSSF, mishahara. Baba mmoja, mwongoza watalii, akasimama. "Sista, mimi sina mshahara, nina mlima. Mlima upo, wageni hawapo." Ukumbi ulinyamaza. Sista akamuuliza anadhani ataweza lini. "Nikishuka na wageni wa kwanza," akasema. Sista akaandika hivyo hivyo kwenye daftari.

Watu wanasahau nini kinamlipa mwalimu wa pale. Mwenzake wa shule ya Serikali aliendelea kupata mshahara kutoka Hazina muda wote madarasa yalipokuwa yamefungwa, na ilikuwa haki yake. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, Serikali inazilipia shule zake ile ada ya Sh20,000 ya kutwa na Sh70,000 ya bweni, mbali na ruzuku ya uendeshaji kwa kila mwanafunzi. Ni hatua njema. Watoto wengi wasingefika kidato cha kwanza bila hiyo. Ila mtoto wa shule ya Kanisa, ambaye mzazi wake analipa kodi ileile kwenye sukari na sabuni, hapati hata senti ya fungu hilo. Mwalimu wake analipwa na mpagazi. Mpagazi akikosa mzigo, mwalimu anakosa kodi ya nyumba Majengo, na ada ya mtoto wake mwenyewe.

Hujibiwa: Kanisa lina ardhi, liuze. Hili husemwa kwa urahisi mno. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1291 hadi 1295, inamzuia hata askofu kuuza au kuweka rehani mali ya jimbo kwa utashi wake. Anahitaji ridhaa ya baraza la fedha na ya washauri wake, na thamani ikivuka kiwango kilichowekwa, ruhusa itoke Roma. Kizuizi hicho kinalinda mashamba ambayo babu zetu waliyatoa kwa ajili ya vizazi. Ukiuza ekari ili upitishe muhula mmoja, muhula unaofuata utauza nini?

Wengine wanasema sasa watalii wamerudi, mwaka 2024 wamevuka milioni 2, mbona ada haishuki? Kwa sababu madeni ya 2020 na 2021 hayakufutika, petroli ilivuka Sh3,000 kwa lita mwaka 2022 na kubeba bei ya kila gunia linaloingia stoo, na jiko la kuni linalolisha watoto mia kadhaa sasa linatakiwa libadilishwe. Huku tuliwahi kuona jambo kama hili. Mgawo wa soko la kahawa duniani ulipovunjika mwaka 1989, bei ilianguka, na kihamba, shamba la nyumbani la kahawa na migomba, kilichokuwa kikisomesha kikaacha kusomesha.

Kosa kubwa la shule zetu naliona kwenye usiri. Mzazi anapewa bili bila kuonyeshwa hesabu, halafu tunashangaa anapodhani kuna mtu ananeemeka. Hesabu za mwaka zibandikwe ubaoni, aone mishahara inakula kiasi gani. Awamu za malipo zifuate msimu wa mlima badala ya kufuata Januari peke yake. Anayeweza kuleta mahindi na maharage yapimwe, yaingizwe kwenye ada yake. Na Jumuiya Ndogo Ndogo, vile vikundi vya waumini majirani, ambazo huchangishana haraka sana kwenye msiba, zibebe mtoto mmoja mmoja, maana huruma tunayoidai kwa shule haiwezi kukatwa kwenye mshahara wa mwalimu peke yake.

Yule mwongoza watalii alitimiza ahadi. Alilipa Februari 2021, deni lote, akiwa na risiti za miezi ya nyuma kwenye bahasha. Mwalimu wa fizikia wa mwanawe alikuwa ameshaacha kazi wakati huo, amerudi kwao Rombo kulima, na darasa lile lilikaa hadi Mei bila wa kumrithi.